Mtu Aliyeviringisha Chuma Juu ya Kioo

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Fundi alichukua kipande cha kioo cha dirisha, akakipangusa kwa pindo la shati, akakilaza juu ya meza ya kazi. Kisha akatoa ndani ya kopo la maziwa ufito wa chuma wenye urefu wa kiganja na kidogo, akauviringisha juu ya kile kioo kwa kidole kimoja, polepole, amepiga magoti na kufumba jicho moja. Alikuwa akitazama kama mwanga unapita chini ya chuma. Ukipita mahali, hata kwa unene wa unywele, chuma kimepinda. Usipopita, Fundi husimama, hukohoa, na kusema, "Bon. Leo tunaweza kutumika kazi."

Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilidhani anasali. Mimi nilikuwa na diploma, na wenye diploma tuna haraka ya kuelewa. Nilisimama mlangoni nimeinamisha kichwa mpaka alipomaliza, nikaitikia "Amina" kwa sauti nzito. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, kila akimaliza kuviringisha chuma alinigeukia na kusema, "Mwalimu, sema amina," na mimi, kwa kuwa nilikuwa nakula kwake, nilisema.

Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa hapo Bunia, mashariki mwa Kongo. Vita vilifunga shule yetu, madawati yakawa kuni za askari, na mimi nikabaki na tai moja na miaka thelathini na minne. Nilimjua Fundi kwa muda mrefu kama jirani wa mtaa wetu wa Saio anayenisalimia kwa kuinua kofia. Shule ilipofungwa alinikuta nimekaa kwenye baraza langu tangu asubuhi, akauliza, "Mwalimu, miguu yako iko muzima?" Nikasema iko mizima. "Basi kuja unikanyagie pedali." Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Nilikwenda na tai, siku ya kwanza. Mashine ilijaribu kuimeza, na Fundi akaikata kwa patasi kabla haijaninyonga. Nusu iliyobaki niliendelea kuivaa kwa wiki nzima, kwa heshima ya taaluma.

Kazi yake ilikuwa kukereza mbao: miguu ya vitanda, michi ya kutwangia, na zaidi ya yote kalamu. Unachukua kijiti cha mbao ya libuyu, unakitoboa katikati toka mwisho huu hadi ule, unakipachika ndani mrija wa antena ya redio iliyokufa, halafu unakivika kwenye ufito wa chuma kama nyama ya mshikaki. Upande wa kushoto ufito unashikwa na meno matatu ya mashine, ambayo sote tuliyaita mandrini. Upande wa kulia unasukumwa na ncha, unayoisogeza na kuikaza kwa gurudumu dogo. Unakanyaga pedali iliyotoka kwenye cherehani, mbao inazunguka, patasi inakula. Ukimaliza unatia mrija wa wino ndani, na umepata kalamu, au biki kama alivyoiita Fundi, ambayo hata waziri hataona haya kuitoa mfukoni.

Yote hayo ni rahisi kusema. Swali lilikuwa ufito gani, na kwa Fundi swali hilo lilikuwa kubwa kuliko maswali yote waliyokuwa wakiuliza watu wa Bunia wakati ule. Ndani ya kopo lake alikuwa na fito tatu. Moja ilikuwa spoku ya pikipiki. Ya pili ilitoka kwenye mwavuli. Ya tatu ilikuwa supape, kile chuma kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya injini. Hiyo aliipata kwenye lori bovu, akaikata kichwa, akaisugua kwa siku mbili mpaka ikaingia kwenye mrija wa antena bila kucheza hata kidogo.

Siku ya tatu aliniwekea zote mezani akaniambia nichague. Nilitoa hotuba. Nilisema spoku ni nyembamba, hapo nilipatia. Nilisema supape ni nyeusi na ina sura ya kitu kilichoungua, kwa hiyo nguvu zake zimekwisha. Nikachagua ya mwavuli, kwa kuwa iling'aa, na nikaeleza sababu nne, mbili kwa Kifaransa. Fundi alisikiliza hotuba yote, akatikisa kichwa kwa adabu, akaniachia mashine. Kalamu ilitoka na tumbo upande mmoja na upande mwingine imekonda. Aliitia mfukoni mwake, na mwezi mzima kila mteja aliyeingia alionyeshwa: "Ona hii. Ni kazi ya Mwalimu. Iko na diplome."

Nilitaka kujitetea. Nikamwuliza kwa nini tuhangaike na fito, tusishike mbao moja kwa moja kwa meno ya mandrini.

"Mandrini iko na meno," alisema. "Kitu yenye iko na nyama, kama muchi ya kutwangia, iume tu, haina neno. Biki haina nyama. Ukiiuma inapasuka. Biki inabebwa na katikati yake."

"Na ncha ya kulia, niikaze kiasi gani?"

"Kaza mpaka ishike. Usikaze mpaka ilie."

Niliiandika kwenye daftari. Nilikuwa na daftari la maneno yake, nililolipa kichwa kirefu cha Kifaransa nikidhani siku moja litakuwa kitabu. Lilikuja kuwa vifungio vya karanga, na ni mimi mwenyewe niliyeuza hizo karanga.

Mtu huyu aliyetaka chuma kinyooke kuliko uzi alikaa kwenye kiti chenye miguu mitatu ya kimo kimoja na wa nne mfupi, na kwa miaka yote niliyomjua hakuukata wala kuuongeza. Aliyumba akila na aliyumba akizungumza. Mimi ndiye niliyemkerezea mguu mpya siku moja, kwa wema. Aliushukuru, akautumia kuzuia mlango. Vifungo vya shati lake havikuwahi kukutana na matundu yao. Misa ya saa kumi na mbili alifika mahubiri yakiwa yamekwisha, na ukimwuliza alisema Mungu hana shida ya kumngoja, mbao ndiyo haingoji.

Risasi hazikumtisha sana, ila mbuzi aliwaogopa. Mbuzi wa jirani akiingia uani, Fundi alipanda juu ya meza na kuniita. Lakini siku milio ilipoanza upande wa uwanja wa ndege na watu wakawa wanapita mbio mlangoni petu, yeye alisimamisha mashine, akachomoa ile supape, akaitia ndani ya soksi yake, akalala chini ya meza akiwa ametulia kabisa. Mimi nilijitupa ndani ya pipa la maranda. Nilikaa humo kichwa chini mpaka jioni, na nilipotoka nilipiga chafya kwa siku mbili. Fundi alisema kama adui angepita angesikia pipa linapiga chafya, angetubu na kurudi kwao.

Wateja hawakutuishia. Vita vile vilikuwa na uchu wa kalamu. Kila kundi lililoingia mjini lilikuwa na rais, katibu, msemaji na mjumbe wa mambo ya nje, na wote hao walihitaji kutia sahihi. Kundi likiondoka, lingine lilikuja na vyeo vilevile na mihuri mipya. Fundi aliwakerezea wote kalamu moja ileile. Hakumwuliza mtu kabila lake wala kijiji chake, wakati ambapo swali hilo lilikuwa la kwanza kwenye kila kizuizi na jibu baya lilimtoa mtu roho. Yeye aliuliza tu, "Unaandikaka na mukono gani?" kwa sababu kalamu ya mtu wa mkono wa kushoto aliinenepesha kidogo mbele. Niliona wanaume wenye bunduki wakiinua mikono yao na kuitazama kabla ya kujibu, kama watoto wa darasa la kwanza.

Wakati mmoja nilimletea wazo langu kubwa. Maganda ya risasi yalikuwa yamejaa mitaani. Tutengeneze kalamu za maganda, tuwauzie wageni wa mashirika, watalia machozi watununue mpaka na viti. Nilikuwa tayari nimeandika tangazo. Fundi alichukua ganda moja, akalinusa.

"Mwalimu, mutu atashika hii, aandikie bibi yake barua?"

"Ni mfano tu, Fundi. Ni ishara ya amani."

"Bibi yake atasikia harufu," alisema, akalitupa nje kwa mbuzi.

Barua kwa bibi, yaani kwa mke: hilo lilikuwa jambo lake. Fundi wa kalamu hakujua kuandika. Jina lake aliliandika kwa herufi kubwa, taratibu, na baada ya hapo alichoka. Na mke wake hakuwa mjini. Alikuwa amekwenda Marabo kumwuguza mama yake, safari ya wiki moja, na nyuma yake barabara ikafungwa. Marabo si mbali. Kwa amani unatoka asubuhi kwa baiskeli na unakula huko mchana. Wakati ule ilikuwa mbali kama Ulaya. Kulikuwa na vizuizi vya kundi hili na vizuizi vya kundi lile, na kati yake mahali ambapo hapakuwa pa mtu yeyote. Miezi mitano ilipita. Mama yule mgonjwa alikwisha kufa, akazikwa, na mke bado hakuweza kurudi. Fundi alipokea habari zake kwa akina mama waliokuwa wakipenya na magunia ya maharage.

Kwa hao hao alituma barua, na mwandishi nilikuwa mimi. Yeye alisema, "Mwambie niko. Mwambie afunge mlango mapema. Mwambie nitakuja." Mimi nilijua kwamba barua ya mapenzi haiwezi kuwa na maneno kumi. Nikaongeza. Nikatia nyota, nikatia moyo unaotiririka, nikatia neno la Kifaransa lenye maana ya kutamani kwa machungu. Jibu lililetwa baada ya wiki tatu, limeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya sukari. Fundi alinipa nilisome. Lilisema: "Huyu ni nani anaandika? Bwana yangu hasemake hivi. Kama bwana yangu amekufa muniambie tu." Tangu siku hiyo niliandika alichosema na nikaweka nukta.

Nilimpenda mtu yule. Nasema mapema ili isije ikadhaniwa kwamba yafuatayo yalitokana na ubaya. Yalitokana na kujiona.

Siku moja aliingia kamanda aliyekuwa ameshika mji wakati ule. Kulikuwa na mkutano wa wakubwa unakuja, wa kutia sahihi karatasi nyingine ya amani, na alitaka kalamu kumi na mbili. Sharti lake lilikuwa moja: zilingane. Mkutano wa kabla ya huo ulivunjika kwa sababu ya viti, mmoja aliona cha mwenzake kina mikono na chake hakina. "Hapa hakuna mutu atasema ya mwenzake ni munono," alisema kamanda, kisha akajikwaa kwenye kumi na mbili ya Kifaransa. "Dix-deux... douze. Zote sawa. Alhamisi saa sita ya mchana."

Fundi aliuliza kama anaweza kuomba kitu badala ya malipo. Aliomba karatasi ya njia: ya kwenda Marabo, na ya kurudi na mke wake. Kamanda alifikiri, akasema atatia sahihi na muhuri, na kwamba ataitia kwa moja ya kalamu hizo hizo. Walipeana mikono. Fundi alimsindikiza, akarudi, akakaa kwenye kiti chake akayumba. Halafu alicheka peke yake. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Jumatatu tulikata na kutoboa. Jumanne alikereza, mimi nikikanyaga, na kufikia saa nane alikuwa na kalamu sita zimelala juu ya gunia. Ulizipitishia ukucha toka mbao hadi chuma na hukusikia mahali zinapokutana. Ndipo wakaja kumwita kwenye matanga ya jirani. Matanga huyakatai, hata wakati wa vita, na wakati wa vita ndiyo hasa huyakatai. Alivaa koti.

"Mwalimu, usiguse mashine. Fagia tu."

Nilifagia. Nilifagia vizuri sana, na nilipomaliza nilitazama ile mashine, na ile supape iliyobaki kwenye meno ya mandrini na mbao ya saba imekwisha kuvikwa, na nikasikia sauti. Ilikuwa sauti yangu. Iliniambia kwamba mtu mwenye diploma, aliyekaa miezi sita karakanani, anaweza kumfurahisha mzee wa watu kwa kumwandalia ya saba akirudi.

Nilikanyaga na kukereza kwa wakati mmoja, kama alivyofanya yeye zamani kabla hajanipata. Niliisukuma patasi kwa haraka na mbao ikateleza, ikakataa kuzunguka na chuma. Nikakaza ncha. Ikateleza tena. Nikakaza zaidi. Mkono wangu ulipochoka nilichukua kipande cha bomba, nikakipachika kwenye lile gurudumu dogo ili nipate nguvu, nikalisukuma. Chuma kililia. Kililia kweli, kilio chembamba, na mimi nikasema moyoni: sasa imeshika.

Kalamu ilitoka nene huku na nyembamba kule. Nilichomoa supape, nikaiviringisha juu ya kioo, nikafumba jicho. Mwanga ulipita chini yake kama kwenye mlango wa kanisa.

Mtu mwenye akili angevaa viatu akaenda matangani. Ilikuwa saa tisa. Magereji yalikuwa bado wazi. Angempata Fundi, na Fundi angetafuta supape nyingine jioni ileile, akapata usiku na siku nzima ya kuisugua. Mimi niliiweka supape juu ya jiwe nikaigonga kwa nyundo. Nikaiviringisha, nikaigonga tena. Nilipoona inapinda upande mwingine niliivika kijiti cha akiba, nikairudisha kwenye meno ya mandrini, nikaitupa ile kalamu mbaya chooni, nikafagia tena mahali palipokuwa pamekwisha kufagiwa.

Asubuhi ya Jumatano Fundi aliichomoa supape, akapiga magoti. Aliviringisha mara moja. Akapangusa kioo, akaviringisha mara ya pili. Alibaki chini pale muda mrefu kuliko sala yoyote.

"Mwalimu, uligusa?"

"Hapana, Fundi. Nilifagia tu."

Alinyanyuka. Akautazama mkono wake wa kulia, akaukunja na kuukunjua. "Basi ni miye," alisema. "Jana nilikaza mingi. Nilikuwa ninafikiri Marabo." Kisha akasema kitu ambacho kwa miaka mingi nimejaribu kukisahau: "Mwalimu hawezi kudanganya."

Kinywa changu kilikuwa wazi. Nilikuwa na maneno yote, ya lugha mbili. Nikasema, "Inatokea, Muzee. Umri."

Umri! Alikuwa na miaka hamsini na kidogo.

Siku ile alikwenda gereji hadi gereji mpaka akapata supape nyingine saa kumi. Aliisugua mpaka giza na tangu alfajiri, lakini kazi ya siku mbili haiingii katika jioni moja na alfajiri, na mbaya zaidi, alikuwa akisugua kwa woga. Kila baada ya dakika chache alisimama akaangalia mkono wake. Alhamisi asubuhi aliiacha, akachukua ufito wa mwavuli, akakereza sita zilizobaki kwa huo. Saa sita kamili mtu wa kamanda alifika. Alizipanga kumi na mbili mezani, akazipitishia kidole gumba, akazigawa mafungu mawili bila kusitasita.

"Hizi ni za wakubwa," alisema, "na hizi ni za nani? Chef alisema zote sawa. Kesho, mwisho."

Hakukuwa na kesho. Ijumaa alfajiri mji ulibadilisha mikono tena, na kamanda aliondoka na muhuri wake, na mkutano ukabaki bila mtu wa kukutana. Fundi alipungukiwa siku moja, na siku hiyo ilikuwa juu ya jiwe uani, pale nilipoigonga kwa nyundo.

Jumamosi alifunga kitambaa begani, akaniambia anakwenda kwa miguu, kwa porini, bila karatasi. Nilipaswa kwenda naye, au nilipaswa kusema. Nilimpa biskuti pakiti moja na mawaidha kuhusu maji ya kunywa. Aliniachia ufunguo wa karakana. Nilipompa mkono wa kumuaga, alinipa wa kushoto.

"Ile ingine haina tena kazi," alisema.

Sikumwona tena kwa miaka saba. Nilisikia kwamba alifika Marabo siku ya tano na kukuta nyumba tupu. Baada ya hapo sikusikia kitu, na nikiri kwamba sikuuliza kwa bidii, kwa kuwa mtu hupenda kuacha mlango fulani umefungwa. Amani ilikuja kwa vipande vipande. Shule ilifunguliwa. Nikarudi kufundisha, na nilipofika somo la ukweli na uongo nililiruka, nikasema halipo kwenye programu.

Mwaka wa saba nilipanda lori la kwenda Kisangani kwa shughuli za mitihani. Likaharibikiwa gurudumu tulipofika mji wa Niania, dereva akatuambia tutaondoka saa tisa. Nilikuwa nikitembea kutafuta chakula nilipoona michi ya kutwangia imesimamishwa ukutani, kumi au kumi na tano, na nyuma yake mtu amekaa kwenye kiti kinachoyumba.

Alinikumbatia kabla sijajua nifanye nini na mikono yangu. Aliniita Mwalimu, akaniambia nimenenepa, akapaza sauti ndani: "Mama! Yule mwenye alikuwa ananikanyagia pedali iko hapa!" Akatoka mwanamke mfupi mwenye mvi kidogo mbele, akanitazama vizuri.

"Njo weye uliandika zile barua za nyota?"

Nikasema ni mimi. Alicheka, akaingia ndani, akarudi na lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, akatukalia karibu wakati tunakula. Waliongea wote wawili kwa zamu, kama watu waliosimulia jambo mara nyingi. Siku Fundi alipofika Marabo, mke alikuwa ameondoka na kundi la watu jana yake. Jana yake tu. Walikwenda Beni. Fundi akaenda Komanda, akaenda Mambasa, akarudi. Walitafutana miaka miwili na miezi saba. Mke alilala kambi ya wakimbizi na akamzika mtoto humo, mtoto aliyekuwa tumboni alipotoka Bunia na ambaye hakumtaja kwa Fundi kwenye barua, ili asimtie hofu. Mtoto wa kike. Alikuwa ameanza kutembea. Alinitajia jina lake, na sitaliandika hapa.

"Na kalamu, Fundi?" niliuliza. Niliuliza kwa sababu nilitaka watoke kwenye habari ya mtoto. Nilikuwa mwoga hata pale.

"Biki? Hapana. Niliachaka." Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza. "Hii ilinisaliti siku ile. Nilikaza supape mpaka ikalia, miye mwenyewe, sikusikia. Muchi haina neno, muchi inasamehe. Lakini kitu ndogo siwezi tena kugusa. Mukono ikifanya hivyo mara moja utaiamini tena namna gani?"

Mke wake aliuweka mkono wake juu ya ule wa mumewe. Ilionekana kwamba alikuwa amefanya hivyo mara nyingi.

Nilimeza tonge. Nikasema, "Ni mimi."

Hawakuelewa. Ikabidi niseme yote: matanga, bomba, kilio cha chuma, jiwe, nyundo, choo. Nilisema bila Kifaransa. Nilisema kwamba nilifagia mara mbili. Nilipofika kwenye "umri" nilirudia mara mbili, maana sikutaka kuliruka.

Fundi aliacha kula. Aliugeuza mkono wake juu ya meza, kiganja juu, kiganja chini, akaangalia vidole kimoja kimoja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Sijui yalikuwa ya nini. Sikuwa na haki ya kuuliza. Kisha akainuka, akatoka, akaenda kusimama kule kwenye michi yake, ametupa mgongo.

Nikabaki na mke wake na sahani. Nilisubiri matusi. Nilikuwa na hamu nayo, kusema kweli, tusi lingenisaidia. Yeye aliangalia sahani yangu, akachukua kijiko, akaniongezea lituma, akaniongezea na samaki, sehemu ya tumbo.

"Kula," alisema. "Umetoka mbali."

"Mama, nisamehe."

"Leo hapana." Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayekuambia unga umekwisha. "Leo siwezi. Kuja kesho, nitaona."

Nikamwambia kwamba lori langu linaondoka saa tisa.

"Nimesikia," alisema, akakusanya vyombo.

Dereva alipiga honi mara tatu. Nilisikia injini ikiwaka, nikasikia watu wakiitana na kupanda, na mtu mmoja akilitaja jina langu barabarani, kisha lori likaondoka na begi langu likiwa juu yake. Sikuinuka. Sahani ilikuwa bado mbele yangu, nikala.